Mpiga Mashine na Sauti Zilizokataa Kufutika

Shaka iliyoninyima usingizi wiki ile ilikuwa moja tu: ni nani aliyezifunga zile sauti? Nilikuwa nimeziamuru zifutike mara nane, labda tisa, na kila mara kompyuta ya dada yangu ilinijibu kwa Kifaransa chake cha adabu kwamba nilihitaji idhini kutoka kwa mtu fulani. Mtu huyo hakuwa na jina. Alikuwa na namba: herufi S, kisha moja, tano, ishirini na moja, halafu mkia mrefu wa tarakimu uliopita ukingo wa kisanduku. Niliinakili kwenye karatasi, nikaisoma kwa sauti, nikaigeuza huku na huku kama namba ya simu ya mtu anayenipigia bila kusema neno.

Sauti zenyewe zilikuwa kumi na moja. Nilizirekodi kwa ajili ya kazi yangu ya kumaliza masomo, katika kijiji kimoja kupita Yanonge ambacho hata leo sikitaji. Ni sauti za akina mama wanaokausha samaki kwa moshi. Waliniambia, kwa majina, ni watu gani wa ushuru wa mto wanaochota samaki vikapuni mwao bila kuwaachia karatasi yoyote. Kila mmoja nilimwahidi mambo mawili: kwamba nitasikia mimi peke yangu, na kwamba nikishatetea kazi yangu nitafuta. Nilitetea. Miezi minane ikapita nikiahirisha, kama ninavyoahirisha kila kitu kinachonitisha. Halafu tonton, mdogo wake papa, akatuma habari kwamba Jumapili anakuja kuchukua disiki yake, ile nilimohifadhi sauti hizo.

Disiki ilikuwa yake, mimi niliazimwa. Na tonton ni mfanyakazi wa ofisi hiyohiyo ya ushuru. Hayuko kule kijijini, yuko hapa mjini Kisangani, lakini watu wa ofisi moja hunywa meza moja. Kuifuta disiki nzima kwa mpigo sikuweza, kwa sababu ndani yake mlikuwa na picha za matanga ya koko, bibi yetu, na hazipo mahali pengine popote.

Watu waliowahi kuishika disiki ile ni watatu: mimi, tonton, na mpiga mashine, mzee anayetuchapia kazi zetu. Nilimfikiria tonton kwa siku nzima, nikamwachia. Tonton hajui hata kubadilisha mlio wa simu yake. Alibaki mpiga mashine.

Nilikuwa nimemjua miaka saba. Kwetu komuni ya Tshopo hakuna asiyemjua, na hakuna ninayemkumbuka akimwita kwa jina. Chumba chake kilikuwa kati ya mama anayekaanga mikate na kijana anayeziba matairi ya toleka, baiskeli za kubeba abiria, hivyo karatasi zako zilitoka mle zikinuka mafuta upande mmoja na mpira upande mwingine. Alianza na mashine za chapa za chuma, na ingawa sasa alikuwa na kompyuta mbili, vidole vyake havikuwa vimepata taarifa. Alizigonga funguo za herufi kama mtu anayepigilia misumari. Herufi A na E zilikuwa zimefutika kabisa kwenye kibao chake. Ukimwomba nafasi uandike mwenyewe, alikuruhusu, kisha alisimama nyuma yako akifurahia jinsi unavyozitafuta.

Hakuwa na salamu ya kawaida. Ukiingia, kabla ya jambo, kabla ya habari za nyumbani, alikuuliza:

"Umesauvegarder?"

Yaani, umehifadhi kazi yako? Wote tuliitikia, "Ndiyo, papa," hata aliyekuja kununua karatasi moja nyeupe. Tunaishi karibu na bwawa la umeme, wengine wetu tunasikia maji yake, na bado courant inakatika tunapoihitaji. Yeye aliichukulia kama tabia ya ndugu mlevi. Hakuilalamikia. Alihifadhi kila baada ya sentensi mbili, kwa kidole kidogo, bila kutazama.

Wateja aliwaita kwa mada za kazi zao za masomo. Kulikuwa na Bwana Malaria, kulikuwa na dada mmoja mwembamba aliyeitwa Mama Cassation kwa kuandika juu ya rufaa ya mwisho, na kulikuwa na Monsieur Divorce, yaani Bwana Talaka, kijana mseja aliyesali sana na aliyeteseka kweli kwa jina hilo, hasa siku alipokuja na mchumba wake. Mimi nilikuwa Mama Samaki. Mwanzoni nilidhani ni utani tu. Baadaye nilianza kujiuliza kama si njia ya kukumbuka kila mtu amebeba nini. Mtu anayekuita kwa jina la siri yako, nilijiambia, hajaisahau.

Alikuwa mtu wa kuficha na mtu wa kutangaza kwa wakati mmoja. Ukileta barua ya mambo ya nyumbani, aligeuza kioo cha kompyuta kitazame ukutani ili waliokaa kwenye benchi wasione. Halafu akaanza kuichapa huku akiisoma kwa sauti yote, nukta kwa nukta.

"'Mume wangu mupenzi, virgule, tangu ulienda Banalia...'"

"Papa, pole-pole!" mama mwenye barua alilalamika. "Bantu banasikia!"

"Banasikia nini? Kioo imegeuka."

Na benchi zima lilitazama dari.

Kofia yake ilikuwa safi kila siku, na adhana ikilia alifunika mashine zote mbili kwa kipande cha pagne, yaani kitenge, akatufukuza, akafunga mlango, hata kama ulikuwa umebakiza ukurasa mmoja na profesa anakungoja. Alikula mikate ya jirani asubuhi na jioni, akashushia tangawisi, na kabla ya kurudi kwenye funguo alifuta kidole kimoja kimoja kwa kitambaa. Usafi wa namna hiyo hunitia wasiwasi. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu mimi mwenyewe nikifuta mikono sana, kuna jambo.

Intaneti hakuipenda. Tulipomwambia kwamba siku hizi watu wanaweka kazi zao huko juu, mahali ambapo hazipotei, alituuliza nani analinda mlango huko. Hatukujua. "Munaona," alisema. "Munapatia bantu hamubajue." Na mtu huyo anayewashuku walinzi wa mbali ndiye aliyehifadhi, kwenye kompyuta yake, nakala ya kila kitu tulichompa. Hakutuomba ruhusa. Niligundua hilo mwaka wa mwisho, laptopu yangu ilipokufa na sura ya tatu ndani yake. Nilifika kwake nikilia. Alifungua folda moja, akashuka, akashuka, na sura yangu ya tatu ilikuwa pale, na tarehe ya siku nilipokuja kuchapisha. Nilimshika mikono yote miwili. Nilimwita baba. Nilitoka nikiwa mwepesi, na nilipofika kona ya pili nikasimama katikati ya njia, toleka moja ikanipigia kengele. Kwa nini anayo? Na ana nini kingine?

Tangu siku ile niliangalia kwa jicho jingine. Monsieur Divorce aliniambia ameona aya zake mbili katika kazi ya mwanafunzi wa kitivo kingine, maneno yaleyale, mpaka kosa la namba ya ukurasa. "Unafikiri zilitokea wapi?" aliniuliza. Sikuwa na ushahidi, na yeye pia hakuwa nao, lakini tulikuwa na majibu. Siku nyingine nilimkuta mtu wa ushuru wa mto, mwenye sare yake, amekaa kwenye benchi akingoja ripoti yake ichapwe, na mpiga mashine anamtania kwa furaha kama anavyotutania sisi. Na kuna siku ambayo niliirudia kichwani kuliko zote: ile niliyompelekea simu yangu iliyojaa ili ahamishe zile sauti kumi na moja kwenye disiki. Niliporudi baada ya saa moja, alikuwa na visikilizi masikioni. Aliponiona akavivua upesi, akafuta vidole vyake.

Sikumuuliza kitu. Nilichukua disiki, nikasema asante.

Jumamosi, kesho yake tonton angekuja, nilikwenda. Njiani nilipanga maneno kwa utaratibu. Kwanza nisionyeshe kwamba namshuku. Pili nimwonyeshe kidogo ili aogope. Tatu, akienda kusali niangalie mwenyewe kompyuta yake. Nilipofika mlangoni mipango yote mitatu ilikuwa imegongana.

Alikuwa amezeeka tangu nilipomwona mara ya mwisho. Alisogeza uso mpaka karibu na kioo ndipo akasoma, na ile kompyuta ya kulia haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mpya, ndogo, nyeusi.

"Umesauvegarder?"

"Leo nimekuja kufuta, papa."

"Kufuta!" Alirudisha kiti nyuma. "Mama Samaki, kaa kwanza. Ulikula?"

Nilimpa ile karatasi ya namba. 

"Huyu mutu ni nani, papa? Faili zangu zinasema mpaka yeye aruhusu."

Aliinua karatasi mpaka puani, akaisoma tarakimu kwa tarakimu, kisha akacheka mpaka kofia ikainama.

"Huyu? Huyu ni mimi!"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwongo, sikuwa nimejiandaa kwa mtu anayekubali.

"Mimi wa zamani," alisema. "Mashine yangu ya kuume ilikufa. Courant ilikatika, ikarudi na nguvu, pah! Moshi. Ile namba njo compte yangu, jina langu kwa ile mashine. Sasa mashine iko kwa fundi, ameitoa matumbo, na namba imebaki bila mwenyewe. Disiki yako inangoja mutu alishakufa."

"Lakini ulifunga. Ni wewe ulifunga."

"Ni mimi."

"Juu ya nini?"

"Siku gani uliniletea disiki mara ya mwisho?"

"Siku nilitetea. Ulinichapia nakala za profesa."

"Na kwa kichwa ulikuwa na nini?"

Nilikumbuka. "Poda."

"Bon." Alifungua mikono kama wakili aliyemaliza. Kwetu mtu akifaulu, rafiki zake humwaga poda nyeupe kuanzia nywele mpaka viatu, na mimi siku ile nilipita soko zima nikiwa kama unga. "Mutu wa poda hana akili. Ule Divorce, unamujua? Jioni ya poda yake alifuta kazi yote kwa disiki, apate nafasi ya muziki ya fête. Kesho yake profesa anataka correction, na copie yangu ilikuwa ya zamani. Alilia hapa, pale unakaa, mutu muzima na ndevu. Tangu siku ile, kila mutu wa poda namufungia disiki. Wiki moja. Poda ikitoka, anarudi, namufungulia. Weye haukurudi."

"Haukuniambia!"

"Nilikuambia. Ulikuwa unaimba."

Mama wa mikate, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani, alisema, "Kweli, aliimba. Na vibaya." Mpiga mashine akapokea mikate yake.

Nilitaka sana jambo liishie pale. Mtu mwingine angecheka, angefunguliwa disiki yake, angekwenda. Lakini akili yangu ikishapata jibu la swali moja huamka kutafuta lingine. Mama wa mikate alipoondoka niliuliza, na sauti ilitoka ndogo.

"Na visikilizi, papa? Nilikukuta unasikiliza."

Alikuwa hajagusa mikate bado, lakini alichukua kitambaa akafuta kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Nasikilizaka mwanzo na mwisho. Nione kama copie imefika yote. Sauti inaweza kukatika katikati, hauwezi kujua."

"Zote mwanzo na mwisho tu?"

"Kumi, mwanzo na mwisho." Aliweka kitambaa chini. "Moja nilisikiliza yote. Yule mama anachekaka mbele ya kutaja jina."

Yuko kweli. Ni sauti ya saba. Kabla ya kila jina anacheka kidogo, kicheko kikavu, kisha anataja. Jambo hilo haliko kwenye kazi yangu, sikumwambia mtu. Asiyesikia faili ile toka mwanzo hawezi kulijua.

"Majina uliyasikia."

"Niliyasikia."

"Unawajua?"

"Bawili banakujaka hapa. Mumoja nilimupigia rapport. Alikaa hapo kwa benchi."

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Nilimuuliza kama amesauvegarder." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu mazungumzo yageuke. "Sikusema kwa mutu, Mama Samaki. Lakini kusikiliza, nilisikiliza. Sauti ya yule mama ilinikamata. Njo kosa yangu."

Nilikuwa nimemshuku kwa miezi, na sasa nilipokuwa na haki ya kukasirika sikuipata hasira. Nilipata hofu tu, ileile, ila sasa ilikuwa na uso wa mtu ninayempenda. Nilimwomba afungue disiki. Aliichomeka, akaingia kwenye mipangilio ya folda, mahali pa usalama, akanionyesha kisanduku cha mwenye faili: ile namba imekaa humo peke yake. Akaiondoa, akaweka jina la kompyuta mpya, akakubali mara tatu. Kisha akanisogezea kibao cha herufi. Nilizichagua zote kumi na moja, nikafuta. Ziliondoka upesi mno, nikahisi kama nimedanganywa. Nilifungua folda ya picha za matanga. Koko alikuwa pale, amezungukwa na maua.

"Na kwako, papa."

"Kwangu nini?"

"Copie yako."

Nje kijana wa matairi alikuwa anapampu, sauti ikipanda na kushuka.

"Copie ya ile mashine niliivusha kwa hii," alisema polepole. "Miaka yote sijafuta kazi ya mutu. Hata ya mutu mubaya. Hata ya mutu alikufa, familia yake inakuja, inaikuta. Weye mwenyewe, chapitre trois uliipata wapi?"

"Hapa, papa. Ile ilikuwa kazi yangu. Hizi si zangu, na si zako."

Alifikiri. Nilijua anaweza kukataa, ni kompyuta yake na chumba chake. Mwishowe alifungua folda yangu, iliyoandikwa SAMAKI, akazifikia sauti, akaondoa mikono mezani.

"Futa weye. Mimi siwezi."

Akageuza uso mlangoni. Kisanduku kiliniuliza kama nina hakika nataka kufuta kabisa vitu kumi na moja. Nilikisoma mara tatu, kama ninavyosoma kila kitu, nikakubali.

"Ziko mahali pengine?" niliuliza.

"Hapana."

"Kweli, papa?"

"Nikiapa utaniamini?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa adabu, na ana umri wa kumzaa papa.

"Hapana, papa. Nisamehe."

Hakukasirika. Alichukua mkate mmoja, akaukata katikati, akanipa nusu. "Hata mimi kama ni weye siniamini," alisema. Adhana ilikuwa imeanza. Akafunika mashine kwa pagne, na mimi nikatoka kabla hajanifukuza.

Jumapili tonton alikuja, akafungua disiki mbele yangu kwenye kompyuta ya dada, akaangalia picha za mama yake, akafuta macho, akanishukuru. Hakuuliza kitu. Nilishuku hata kule kutouliza kwake mpaka jioni, kisha nikaacha.

Sasa faili hazikuwepo. Ningeweza kunyamaza. Akina mama hawa wasingejua kamwe kwamba kwa zaidi ya miezi minane sauti zao zilikaa kwenye kompyuta ya mtu wasiyemjua, hatua moja kutoka benchi wanapokaa wale waliowataja. Niliwaza sababu za kunyamaza na zote zilikuwa nzuri: nitawatisha bure, jambo limekwisha, mpiga mashine ni mwaminifu, pengine. Lakini ahadi yangu haikuwa ya kufuta tu. Ilikuwa kwamba nitasikia mimi peke yangu, na hiyo hakuna mashine ya kuirekebisha.

Jumatatu nilipanda mtumbwi wa mota unaoshuka Yanonge, na kutoka pale nikapata mwingine. Nilimkuta mama wa sauti ya saba kwenye chanja lake, anageuza samaki, macho mekundu kwa moshi. Alifurahi kuniona, akaniuliza kama nimeolewa. Sikukaa.

"Mama, nilikuahidi nitakusikia mimi peke yangu. Haikuwa hivyo. Kuna papa mmoja mjini alisikiliza sauti yako yote, na majina aliyasikia, na wawili kati yao anawajua. Anasema hakumwambia mtu. Nimefuta nilizoziona. Kwa nisizoziona siwezi kuapa."

Hakucheka. Aliweka chini kijiti chake, akapanguza mikono kwenye pagne, kisha akaita wenzake, mmoja mmoja, kwa majina, toka kila chanja, mpaka wote kumi waliobaki wakawa wamesimama mbele yangu ndani ya moshi.

"Anza tena," alisema. "Bote basikie."

Nikaanza tena.